Bi. Fani na Ukurasa Uliofichwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Bi. Lau Suk-fan, aliyefariki siku kumi na mbili zilizopita hapa Landani, akiwa na miaka sabini na mmoja. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi. Fani. Narudia, kwa waliofungulia redio sasa hivi: Bi. Fani wa Tottenham ametutoka.

Alikuwa Mchina wa Unguja. Baba yake, Mzee Lau, alitengeneza tambi mtaa wa Mchangani, na Bi. Fani alizaliwa hukohuko. Kiunguja chake kilikuwa kitamu kuliko cha wengi wetu, na wapo waliomtilia shaka kwa hilo. Mama mmoja alimsogelea ndani ya basi akamwuliza, "We Mchina, Kiswahili umefunzwa na nani, serikali?"

Bi. Fani akamjibu, "Nimefunzwa na bibi yako, mwanangu, alipokuja kununua tambi."

Familia ilihamia Landani mwaka sabini na moja. Bi. Fani akawa mshonaji wa nguo za maigizo, miaka thelathini nyuma ya pazia. Mwaka jana, akiwa na miaka sabini, akaandika tamthilia yake ya kwanza. Ilihusu mazishi ya baba yake.

Hapo ndipo watu walipoanza kuulizana.

Kaka yake mkubwa, Lambert, dereva wa basi mstaafu, alianza kwenda mazoezini bila kualikwa. Mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi mdogo juu ya baa. Minal, binti wa mtaa wa Kingsbury aliyeongoza mchezo, ananiambia: "Alikaa nyuma kabisa na koti lake mwilini. Hakumsalimia mtu. Alitutazama kama askari wa doria."

Lambert alikuwa na sababu. Mzee Lau alifariki mwaka elfu mbili na tatu. Kwa desturi yao, jeneza linapofungwa wafiwa hugeuka, wasione kifuniko kikishuka. Siku hiyo waligeukia ukutani, vichwa chini. Wakasikia mlango unafunguliwa. Wakasikia mnong'ono. Mlango ukafungwa. Walipogeuka tena, kila mtu alikuwa mahali pake.

Baadaye habari zikavuja. Aliyekuja mlangoni alikuwa Ghalia, binti wa Mzee Lau, aliyezaliwa Unguja na mama mwingine. Alikuja kumzika baba yake, akafukuzwa. Na nani? Watu walisema Lambert, maana ndiye mwana wa kiume, ndiye msimamizi. Alikana. Hawakumwamini. Miaka ishirini na miwili, wasikilizaji, akiingia kwenye harusi ya jamaa, sauti zinashuka.

Sasa dada yake anayaweka mazishi yale jukwaani. Lambert akamwuliza, "Mlangoni unamweka nani?"

"Njoo uone."

"Niambie sasa hivi, Fani."

"Njoo uone, kaka."

Naye Minal alikuwa na wasiwasi wake. Skripti ilikuwa na ukurasa mmoja mtupu. Bi. Fani hakuwapa waigizaji maneno ya ukurasa ule hadi asubuhi ya onyesho la kwanza. "Nilihisi ametutega," anasema Minal.

Nilikuwepo Jumamosi ile mchana, kwenye onyesho hilo la kwanza. Kusema kweli, nami nilishuku. Niliogopa watu watacheka zile nyumba za karatasi zinazochomwa kwa ajili ya marehemu. Hawakucheka. Waigizaji wakageukia ukutani. Mlango ukagongwa. Na aliyejitenga na wenzake, akanyata hadi mlangoni, hakuwa mwana. Alikuwa binti. Binti mshonaji.

Akamwambia mgeni, "Nenda. Mama akikuona atakufa. Baba hakuwa na mtoto mwingine."

Kisha akarudi ukutani, akainamisha kichwa kama wengine.

Lambert alisimama. Nilidhani atapiga kelele. Akatoka. Bi. Fani akamfuata hadi barabarani. Lambert mwenyewe amenisimulia: "Nilimwuliza, 'Umeniacha nibebe jina hili miaka yote?' Akasema, 'Ndiyo.' Basi. Hakutafuta sababu. Nikaondoka."

Hawakusemezana kwa miezi mitano.

Ghalia naye, Bi. Fani alimpelekea barua na tiketi. Anaishi palepale Tottenham, analea wazee. "Nilijua n'naitwa kuchekwa," anasema. "N'likaa karibu na mlango kusudi, n'toke upesi. Mchezo ulipokwisha akanijia. Sikumkumbatia. N'kamwambia, 'Yaseme tena mbele yangu, bila waigizaji.'"

Akayasema, neno kwa neno. Ghalia akamsikiliza mpaka mwisho, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Wiki iliyofuata akampigia simu, akamwuliza baba yao alikuwa akipenda chakula gani.

Kisha maradhi yakaja, nayo hayakukawia. Lambert alifika hospitali siku tatu kabla ya mwisho. Nilimwuliza kama alimsamehe. Akanijibu, "Nilimshika mkono. Hayo mengine bado nayafikiri."

Ghalia yeye ananiambia, "Huyo Lambert kanipa namba yake. Kwa nini sasa? Tutaona."

Wasikilizaji wapendwa, nafsini mwetu tujiulize: yupo anayebeba jina baya ambalo ni letu? Na kama yupo, tunangoja nini?

Jana nilimpigia Lambert ili niandike salamu za rambirambi. Nikamwuliza wafiwa niwataje akina nani. Akanitajia polepole, akanisubiri niandike, akataka nimsomee.

Basi nasoma kama alivyonipa. Redio yetu inatoa pole kwa wafiwa: kaka wa marehemu, Lambert Lau, na mdogo wao, Ghalia Lau.