Wimbo wa Mwisho wa Christopha

Kijiwe chetu kipo mtaa wa Izia, mbele ya kibanda cha Enock fundi simu, upande ambao ukuta unakinga upepo. Asubuhi ile ya baridi tulikuwa wanne kwenye benchi, vikombe vya kahawa mkononi, tunabishania programu ya kuchapa nota. Aliyeleta shida ni Vitus, mwalimu wa kwaya, tunayemwita Besi. Rafiki yake Christopha, mtunzi wa kwaya, tulimzika masika. Nyimbo zake alizichapa kwenye laptopu, na laptopu nayo ikafa. Enock alifanikiwa kuokoa faili, akazitia kwenye flashi. Lakini programu aliyoitumia marehemu, walioitengeneza wameshaiacha, na kompyuta ya Besi haiikubali.

Nyimbo za zamani hazikuwa na tabu, kwa sababu karatasi zake wanakwaya wanazo. Mmoja tu, wa mwisho, haukuwahi kutoka nje ya laptopu. Besi alitaka uimbwe kwenye misa ya kumbukumbu, akatuomba tumchagulie programu ya kuufungua.

Enock alisifia ile ya bure. Jafeti, karani aliyehamia kutoka Mbeya, tunayemwita Afisa, hakutaka kuisikia.

— Usiache mbachao kwa msala upitao, Besi. Tafuta ileile ya marehemu.

— Haiuzwi tena, Afisa, alijibu Besi.

— Ndiyo hapo sasa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu waliisifu mno, wenyewe wakaifunga.

Besi akasema ya bure ameshaiweka, na ya kulipia ameijaribu, na zote zinamletea visanduku vitupu mahali pa nota. Siku hizi hata akifumba macho anaviona.

— Ni maneno ya wimbo hayo, alisema Enock. Jamaa kaandika Kifipa mle. Mashine Kifipa haikijui, inaweka visanduku.

— Wapi, alisema Afisa. Kaufunga wimbo makusudi. Watunzi wanaibiana sana, mshikaji.

Enock akanywa kahawa kidogo, akasema taratibu:

— Au programu inajua mwenyewe hayupo.

Hakuna aliyecheka. Besi aliinamia kikombe chake.

Ndipo akatokea Coleta, mjane wa Christopha, anatoka mashineni, ndoo ya unga kichwani. Tulimsogezea nafasi, hakukaa. Besi akamweleza tunavyohangaika: hii ya bure, ile ya kulipia, ile iliyofungwa. Coleta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia mumewe aliutunga wimbo ule akiwa kitandani, hedifoni masikioni, ili yeye mkewe asisumbuke usingizini. Hakuwahi kuusikia. Alichokuwa anakiona ni mguu wa mumewe tu, unapiga polepole chini ya blanketi.

— Mambo ya programu siyajui, shemeji, alisema. Niambieni tu, wimbo unaanzaje?

Besi, ambaye kila Jumapili ndiye anayeipa kwaya sauti ya kuanzia, alifungua mdomo, akaufunga. Afisa alitafuta methali, hakuipata. Enock akageuka, akajifanya anaangalia kibanda chake.

Coleta alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alifikiri tunaujua, ila tunaona haya kuimba barabarani.

— Hata kwa sauti ndogo, alisema.