Faili Lililokaa Kwenye Droo ya Sardar Pasand

Mheshimiwa Naibu Spika, uliyekuja kutoka Quetta, makao makuu ya mkoa, kwa barabara ile ile tunayokulalamikia kila mwaka, Sardar Pasand Khan Gwahrani, chifu wetu na mwenye siku hii, Bibi Durnaz, mke wa Sardar, pamoja na akina mama wote, wazee wa jirga, baraza letu, walimu wenzangu, ndugu zangu mliokaa juani: nawasalimu kwa heshima, na poleni na upepo huu.

Nimeombwa nimuage Sardar, ambaye baada ya miaka thelathini na mmoja katika Bunge la Mkoa anapumzika kwa hiari yake. Niliandika hotuba mbili. Ya kwanza ilimsifu mpaka nikaona haya. Ya pili ilimlaumu mpaka nikaona haya zaidi. Zote nimeziacha nyumbani. Nifanyeje? Mtu huyu nimemjua tangu nina miaka kumi na mitatu, na mpaka leo hii simwelewi.

Marehemu baba yangu, Shambe, alichunga kondoo wa Sardar. Mwaka ule yeye na wazazi wengine saba walitia dole gumba kwenye ombi la shule ya wasichana. Ombi likafika bungeni. Tukakusanyika kwenye redio, tukamsikia Sardar wetu mwenyewe akisimama na kusema: "Kwetu hakuna msichana aliyeomba shule." Baba akazima redio, akaenda malishoni bila kunywa chai.

Siku nane baadaye gari la Sardar likasimama mlangoni petu, limejaa mikeka na ubao mweusi.

"Shambe, shule inaanza kesho. Kwenye jumba langu la wageni."

Baba akababaika. "Lakini Sardar, juzi kwenye redio ulisema..."

"Nilisema nini?"

"Kwamba hakuna msichana aliyeomba."

"Basi usiende kuwaambia watu wa Quetta kwamba wapo."

Kwa miaka mingi alipokea wageni wake hemani, wakitafuna nyama na vumbi, huku sisi tukisoma chini ya dari yake. Mwajua Mbaluchi anavyolionea fahari jumba la wageni. Watu walimcheka.

Lakini shule ile haikuwa kwenye daftari la serikali, na mwanafunzi wake hakuruhusiwa kufanya mtihani wa mkoa. Mimi niliufanya Quetta, katika shule ya huko nikikaa kwa mjomba, nikarudi kufundisha. Kisha Sardar akateuliwa waziri wa elimu. Tulichinja kondoo, tukaimba! Saini yake moja tu kwenye faili letu ilitosha kuisajili shule. Tukangoja mwezi. Tukangoja mwaka. Theluji ya pili ilipoanguka, nikamshika baba mkono tukaenda ofisini kwake.

Sardar aliuliza habari za nyumbani kama ilivyo desturi, na baba akazitoa zote: mvua, malisho, nani kafa, nani kazaliwa. Baba alipomaliza, nikauliza, "Sardar, faili letu liko wapi?"

Akagonga droo ya meza. "Humu."

"Basi litie saini."

Baba alinifinya. Sardar akacheka. "Shambe, binti huyu ulimlisha nini?"

"Maziwa ya kondoo, Sardar, kama wenzake."

"Wenzake hawanipigii kelele ofisini." Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Mwanangu, rudi ukafundishe."

"Niwafundishe ya nini, na mtihani hawaruhusiwi?"

Akageukia dirisha. Sisi tukaondoka.

Wasichana kumi na mmoja walikuwa tayari kwa mtihani. Wakangoja, na mmoja baada ya mwingine wakaolewa. Mdogo wangu Zarbibi, aliyenishinda hesabu tangu utotoni, alikuwa mmoja wao.

Halafu Sardar akagombana na serikali juu ya maji ya bonde letu, akajiuzulu. Barua aliikabidhi saa tatu asubuhi. Saa nne, akiwa anakusanya vitu vyake, akafungua droo na kutia saini faili moja tu. Letu. Je, saini ya waziri aliyekwisha kujiuzulu ni saini? Mheshimiwa Naibu Spika, nakuomba usinijibu.

Kwa nini alifanya vile? Katibu wake aliniambia hakuwa tena na cha kupoteza. Wapinzani wakasema alitaka sifa. Bibi Durnaz, naye yupo hapa na amenipa ruhusa, alinieleza kwamba baba mkwe wake, akiwa kitandani kwa ugonjwa wa mwisho, alimwapisha mwanawe asitumie kamwe cheo cha serikali kuwapeleka wasichana shule. Jumba la wageni lilikuwa lake mwenyewe. Cheo hakikuwa chake, na saa nne ile alikuwa amekwisha kukiacha.

Niliposikia hayo nilidhani nimeelewa. Kumbe ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kama kiapo kilimfunga, uwaziri wa elimu aliukubali wa nini? Na kama angeweza kujifungua, alingoja nini wale kumi na mmoja wakiondoka?

Juma lililopita nilimuuliza mwenyewe. Aliizungusha chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Mwalimu Mahganj, kila asubuhi nilifungua droo ile. Kila jioni niliifunga. Zaidi ya hapo hata mimi sijui."

Ndugu zangu, kutoka shule hii wametoka wauguzi, walimu, na daktari mmoja wa watoto. Bila Sardar wasingekuwapo. Nalisema hilo kwa moyo wote. Lakini wale kumi na mmoja nao ni wetu, na baadhi yao wameketi hapa mbele yangu. Niwaweke upande gani? Nafundisha hesabu, na hii imenishinda.

Jana nilimwendea Zarbibi, nikamkuta anakanda unga. Nikamuuliza, "Nimwambie nini Sardar kwa niaba yako?"

Akasema, "Mwambie binti yangu yuko darasa la nane."

"Hiyo ni shukrani au ni lawama?"

"Dada, wewe mwambie tu."

Sardar Pasand Khan, binti wa Zarbibi yuko darasa la nane.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.