Mzee Alamin na Siku ya Redio Bila Wimbo

Ijumaa hii, Ijumaa ya mwisho ya Februari, Mzee Alamin Salmin anastaafu baada ya kuitumikia redio yetu ya Kiswahili hapa Minneapolis kwa miaka kumi na tisa. Mimi Jedidah, mtayarishaji wa vipindi vya asubuhi, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya sherehe, na nimeambiwa niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajaribu. Ila niseme mapema kwamba moyo wangu haujatulia tangu Jumanne ya wiki iliyopita, na msomaji ataona ni kwa nini.

Mzee Alamin ni mzaliwa wa Mombasa, mtaa wa Kibokoni. Akiwa kijana alikwenda Uingereza, akapata kazi ya fundi mitambo katika redio ya maneno matupu mjini Birmingham. Huko, anasimulia mpaka tunamkimbia, redio huongea tangu alfajiri hadi watu walale: hali ya hewa ya baharini, habari za wakulima, mahojiano, mchezo wa kuigiza mchana, kitabu kinachosomwa jioni. Wimbo, hakuna. Alipomfuata binti yake Khadijah huku Minnesota, alikuta redio yetu ikipiga taarabu na rumba kutwa kucha, mtu akiongea kidogo tu kusubiri wimbo mwingine. Alitutazama kama watu waliompikia mgeni mchuzi wakasahau wali.

Akaanza kutufunza. Ndiye aliyeanzisha mahojiano ya jioni na michezo ya kuigiza ya Jumamosi, na watangazaji wetu karibu wote wamepita mikononi mwake. Kosa kubwa kwake lilikuwa kimya hewani. Ukinyamaza hata kwa kumeza mate, Mzee anagonga kioo cha studio kwa pete yake. Redio ikinyamaza, alituambia, ni sawa na mwenye nyumba anayefungua mlango halafu hasemi karibu. Nimegongewa kile kioo mimi, mpaka leo nikinyamaza hata kanisani nashtuka.

Lakini kilichompa jina ni taarifa ya barabara wakati wa baridi. Kila alfajiri alisoma hali ya theluji mji kwa mji, kwa mpangilio uleule: Saint Louis Park, Eagan, Burnsville, akimalizia huku kwetu katikati. Hakuruka jina hata kama hapakuwa na jipya. Uingereza, alisema, wanaposoma hali ya bahari hawaruki jina, maana kila jina lina mtu wake anayengoja. Wapo wasikilizaji wasiowasha gari mpaka Mzee aseme. Watoto wao, ambao ukiwasalimu kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, humwiga vizuri kabisa: “Eagan, inateleza.”

Sasa ikaja habari ya zawadi. Tulimwuliza anataka nini, tukitarajia saa ya ukutani au kanzu mpya. Akaomba siku moja nzima ya redio ya maneno, kama zile za Uingereza, alfajiri hadi usiku, bila wimbo hata mmoja. Makubwa haya! Mkurugenzi wetu, Bwana Eugene, alishika kichwa kwa mikono miwili akiwawazia wapenzi wa rumba. Lakini nani wa kumkatalia Mzee? Tukapanga Jumanne.

Alfajiri ile akasoma Saint Louis Park. Akasoma Eagan. Kisha akanyamaza. Nikadhani mitambo imekufa. Nikagonga kioo, mimi, kumgongea Mzee Alamin! Akatikisa kichwa, akawaambia wasikilizaji waziwazi kwamba Burnsville hana habari zake, kwa sababu Bi Blandina hapokei simu.

Bi Blandina ndiye nani? Miaka yote hiyo tulidhani anasoma kwenye kompyuta kama watu wengine. Kumbe kila mji una mtu wake, ambaye Mzee humpigia simu kabla ya kuingia hewani, naye hutoka nje, hukanyaga barafu kwa mguu wake mwenyewe, kisha humwambia. Na yeye bingwa wa barabara, salaale, hajawahi ku-drive maishani. Khadijah ndiye humleta kazini. Mtu wake wa Burnsville ni huyo Bi Blandina, mama wa Kitanzania aliyestaafu kazi ya kutunza wagonjwa, anayeishi peke yake. Hakuwahi kukosa kupokea. Na baridi ya asubuhi ile ilikuwa ya kukata masikio. Aliyeanguka nje hakai muda mrefu akiwa hai.

Tulipiga simu ya dharura, tukaambiwa wako njiani, lakini njia zenyewe ndizo zile zinazoteleza. Bwana Eugene akaingia studio mbio akitaka tupige wimbo wowote kuziba pengo. Mzee akakataa. Akavuta maikrofoni, akayataja majengo anakoishi Bi Blandina, akawaomba walio karibu wazime injini, wafungue vioo na wasikilize, kwani anampigia tena sasa hivi. Halafu yule aliyetugongea kioo miaka kumi na tisa akanyamaza kwa makusudi. Simu ikikatika anapiga tena, midomo ikimcheza kwa dua, redio nzima kimya. Jamani, niliogopa.

Kule Burnsville, Sosthène, kijana wa Kikongo anayefanya kazi kwenye ghala moja la Eagan, alikuwa nje ya majengo hayohayo akipasha gari lake moto, redio ikiwa wazi. Alivyosikia hivyo akazima injini, akateremsha kioo. Akasikia kwaya. Wimbo wa kwaya ya kanisani, mwembamba, unatoka chini ya gari la jirani. Ulikuwa mlio wa simu ya Bi Blandina, imeteleza asikoifikia, na yeye mwenyewe amelala kati ya magari mawili, mguu umevunjika, sauti imekauka kwa baridi. Alikuwa ametoka kutukanyagia barafu hata kabla hajapigiwa. Ndio wimbo pekee uliopigwa siku ile. Sosthène akamfunika kwa koti lake, akaipokea simu.

Ajali haina kinga, lakini ukaidi nao jamani! Bi Blandina alikataa kuingizwa kwenye gari la wagonjwa mpaka ujumbe wake ufike. Mzee akaupokea, akarudi kwenye maikrofoni, akasoma: Burnsville, inateleza sana. Kisha akafunika uso kwa kofia yake akalia, na taarifa iliyobaki nikaimalizia mimi.

Siku zote zilizofuata Mzee alishinda hospitalini, akijilaumu kwamba amekuwa akimtuma mama wa watu kwenye barafu. Bi Blandina amemkaripia vizuri. Amesema hakuna aliyemtuma. Katika simu zote duniani, ya Mzee ndiyo pekee iliyokuwa ikimlilia kila siku. Leo yuko meza ya mbele, na magongo yake. Ukipita msalimie, ila usimguse mguu.

Mzee wetu, asante kwa yote, hata kwa kile kioo. Mungu akupe afya, akuzeeshe vyema kati ya wajukuu wako. Kuanzia Jumatatu taarifa ya barabara nitaisoma mimi. Daktari amemkataza Bi Blandina kukanyaga barafu, na wewe unahamia Burnsville na Khadijah, kwa hiyo mtu wetu wa Burnsville sasa ni wewe. Chungulia dirishani tu, usitoke. Alfajiri nitakupigia, pokea. Usipopokea, tutanyamaza.