Sauti Iliyozimwa

Ndani ya taxi iliyojaa abiria, ya kwenda Albert Park, Mama Spès alichomoa earphone, akamgeukia Gadiel, fundi aliyeirekodi kwaya yao Jumamosi katika studio yake huko huko. "Mwanangu, wenzangu wote nawasikia humu. Mimi siko."

"Sauti yako inakwaruza, mama. Kwenye kompyuta kila mwimbaji iko na mstari wake. Wako nimeuzima."

"Umenizima! Wimbo huu nani aliwafundisha?"

"Wewe. Lakini ukiwemo, redio hawataupiga."

"Wasiupige! Mkwaruzo huu nina miaka sabini naimba nao, sikuuokota barabarani."

Abiria mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Taxi ikasimama Berea, mlangoni kwa Mama Spès kabisa. Yeye akapakata kikapu chake vizuri.

"Dereva, twende. Leo nashukia kwenye hiyo kompyuta."