Mahindi Aliyoyakataa Mnunuzi

Wapendwa, nimeitwa nisimame na nimesimama, ila habari niliyo nayo si tamu.

Mnanijua, mimi ni mtu wa kuhamahama. Nilipomaliza sekondari niliishi Arusha, nikaishi Moshi, na kila nilikokaa nilitamani ugali wa mama, nyumbani Daa. Nilipooa nikarudi kwake pamoja na mke wangu. Miaka ile sukari haikuonekana dukani, wala sabuni, lakini mahindi tulikuwa nayo.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua iliyakuta mahindi yamekauka shambani. Mnakumbuka tulivyofanya, nyumba zote. Yaliyo safi tulimpelekea mnunuzi, maana yenye ukungu aliyarudisha. Hayo ya kurudishwa tukayaosha, tukayaanika, tukayasaga, tukayala. Ugali ulikuwa mchungu. Mama akasema tukizidiwa na njaa tutausifu.

Mke wangu ndiye aliyetangulia kuugua. Alitapika, macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji. Ndugu zangu, nawaambia, nyumba ilijaa watu wenye majibu. Wengine walisema nimetoka na laana huko nilikozurura. Tukachinja kondoo wa kunitakasa. Tukamzika mke wangu.

Mimi nami nilikuwa nimeshaanza kuumwa. Nikamwachia mama binti mdogo niliyeachiwa na marehemu, nikaenda Sale kwa rafiki mfugaji. Kule nilikunywa maziwa na kula mtama, na afya ikarudi. Nikadhani ni hewa ya kule. Nikarejea nyumbani, nikala chakula cha mama, na baada ya muda kutapika kukaanza upya. Nikamgeukia binti yangu. Macho yake yalikuwa yanabadilika rangi.

Nikambeba hadi hospitali. Daktari aliuliza tunakula nini. Akasema ukungu ule huacha sumu inayoharibu ini. Ukiosha haitoki, ukipika haiishi.

Niliporudi nikaburuta gunia la mahindi yale kuelekea nje. Mama akaziba mlango.

“Unamwaga chakula, wewe uliyerudi mikono mitupu?”

“Namwaga sumu, mama.”

“Baba yako aliila maisha yake yote.”

Baba alikufa tumbo limejaa maji. Nikaendelea kuburuta. Mama alinitazama, kisha akashika upande wa pili wa gunia. Tulilifukia shimoni, hata kuku hatukuwapa.

Njaa iliyofuata sitaisimulia. Namshukuru daktari yule, na rafiki yangu wa Sale, na ninyi majirani wa Ganako mliotuletea mtama na maharage bila kuombwa. Binti yangu yupo, ameketi pale na akina mama. Mama yake hayupo.

Kausheni mahindi kabisa kabla ya kuyapandisha darini. Yenye ukungu yafukieni, msiyapikie hata pombe. Na kabla hamjamchagulia mnunuzi yaliyo mazuri, wachagulieni watoto wenu. Mnunuzi aliyaangalia mahindi yale mara moja tu, akayakataa. Sisi tuliyaangalia kila siku, tukayapakua.