Mkono wa Mwanafunzi Huyu Tunaujua

Sogeeni, wanangu, na wewe Awwad uache kuzungukazunguka hapo mlangoni kama mbuzi aliyenusa mvua, keti chini, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema jambo mara moja tu, na asiyesikia asiniombe nirudie. Muzna, elekeza simu yako kwenye mdomo wangu, si kwenye paa. Nataka kila neno liingie humo, na kwa nini nataka hivyo utajua nikifika huko. Fidha, mke wa mwanangu, futa machozi. Miaka yote hii umeninywesha chai isiyo na sukari ukisema ni amri ya daktari, leo unalia kama mama yako ndiye anayekufa. Yaweke machozi. Naomba Mungu yasije yakahitajika kwa mwanao.

Naanza na hilo ili asitokee mtu wa kusema hakuelewa: Dhiyab, mjukuu wangu wa kiume, anatafutwa auawe, na anayemtafuta ameshaijua nyumba hii. Mengine yote nitakayosema ni vumbi juu ya hilo.

Mali yangu haina maneno mengi. Kondoo ni wa Awwad, na yule kondoo jike kilema asichinjwe, ndiye anayewaongoza wenzake kwenda majini, tena vizuri kuliko baadhi ya wanaume ninaowajua. Bangili zangu za fedha ni za Fidha, apate kitu cha kunikumbukia mbali na ugomvi. Hema la manyoya ya mbuzi nililolifuma kwa mikono hii, lililokunjwa ghalani tangu tuhamie kwenye nyumba hii ya matofali, ni la Dhiyab, akiishi. Deni sina, isipokuwa moja, nalo hatukukopa kwa mkono.

Sikiliza, Dhiyab, acha kutazama dirisha. Wewe ulizaliwa huku kaskazini kwenye mawe meusi, ukadhani sisi ni watu wa mawe meusi. Sisi ni watu wa kusini, wa mchanga mwekundu. Mwanangu wa kwanza, Mutlaq, ami yako, alimkuta ngamia wetu jike kwenye kundi la mtu aitwaye Farhan, amechomwa alama juu ya alama yetu, wakajibizana kisimani mbele ya watu, na Mutlaq, ambaye ulimi wake ulikuwa mfupi na mkono mrefu, akampiga Farhan risasi. Farhan akafa, mkewe ana mimba. Mutlaq naye akaoza mapafu, akafia gerezani, na watu wa mjini wakaona hesabu imefungwa. Kwetu haifungwi hivyo. Damu hushuka vizazi vitano, na aliyekufa kitandani hajalipa kitu.

Wazee wetu walikwenda kwa baba yake Farhan kuomba suluhu. Wakawekewa kahawa, na kama ilivyo desturi hawakuigusa wakingoja akubali ombi lao. Mzee yule akawatazama, akawatazama, hata kahawa ikapoa, kisha akaamuru imwagwe. Ndipo tulipohamishwa. Tuliambiwa tusikanyage tena mchanga ule, nasi hatukuukanyaga. Tukaacha kulitaja jina la ukoo, tukawatia kondoo rangi nyekundu mgongoni kama majirani, na chuma cha kuchomea alama nikakizika mwenyewe mahali ambapo hata mume wangu hakupajua. Tukanyamaza. Mficha maradhi kilio humuumbua, najua, lakini kilio kilichelewa sana hata tukajisahau.

Halafu ikaja kozi ya Muzna.

Sitasema uongo kwa sababu nakufa: kozi hiyo sikuipenda. Shule ya wasichana ililetewa vishikwambi, vikakaa ndani ya maboksi kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wa kuviwasha, na wakubwa wakasema kila anayesomea ualimu ajifunze kwanza kwa njia ya mtandao namna ya kufundishia vitu hivyo, ndipo apewe darasa. Basi mtoto akawa anakaa adhuhuri ameukabili ukuta, anauliza, "Mnanisikia? Mnanisikia?" na hakuna mtu. Fidha alitaka kumwita shehe amsomee. Mimi nikasogea nikaona watu humo ndani, wote wa kifuani kwenda juu, nikamwambia Awwad, "Binti yako anafundishwa kazi na watu wasio na miguu." Mtandao ukikatika analia, bando likiisha analia, siku moja akawasha kamera bila kujua, na darasa zima likamtazama Awwad akikata kucha za miguu. Lakini hakuacha. Alipanda juu ya paa kutafuta mtandao, upepo ukimpiga mchanga wa macho, akajifunza kuandika huku kwa kidole na maandishi yakatokea kule, akajifunza kuuliza swali na kila mwanafunzi akabonyeza jibu lake, bwege na mwerevu, na hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake. Hilo nililiheshimu. Mimi siku zangu chache za shule nilizimaliza nyuma ya mgongo wa msichana mnene.

Kisha wakampa zoezi: amfundishe mtu asiyejua kusoma, ajirekodi, awarushie wenzake wa kundi waseme wanavyoona.

"Bibi," akaniambia, "njoo uwe mwanafunzi wangu."

"Meno yamekwisha, ndiyo unitie shule?"

"Hakuna viboko, Bibi."

"Basi hiyo si shule."

Nikakaa. Akaniwekea kishikwambi mapajani, akasema kama walivyomfundisha, kwamba mtu mzima haanzishwi na alifu, huanza na kile anachokijua tayari. "Chora kitu chochote unachokijua, Bibi, kwa kidole." Na mimi ninajua kuchora kitu kimoja tu duniani. Kidole kikaenda chenyewe: duara lililopasuka upande, na mistari miwili chini yake, kama nilivyoiona kwenye mapaja ya ngamia wa baba wa watoto wangu tangu niolewe.

"Hee, Bibi! Ni nini hiki?"

"Jina letu," nikasema.

Msinitazame hivyo. Nilichora, basi. Maji yakimwagika hayazoleki, na nyinyi mlikuwapo mkipiga makofi.

Wenzake wakamsifu, huyu akaweka ua, yule akaweka moyo. Mmoja akaandika kwa adabu sana. Muzna akanisomea kwa furaha: "Somo limepangwa vizuri. Mkono wa mwanafunzi huyu tunaujua."

"Nani huyo?" nikauliza.

"Mwenzetu mmoja wa kusini, Bibi. Turki bin Farhan."

Nikaomba maji. Muzna akadhani nimechoka na masomo.

Ndiye yule aliyekuwa tumboni. Naye anasomea ualimu, kozi ileile, kundi lilelile. Mungu akitaka kukutanisha watu hahitaji kisima. Na wala hakutukana, hakutisha. Siku walipokutana wote mtandaoni, nami nikiwa jikoni, akauliza swali la kitaalamu: mwanafunzi huyo anaishi na nani, na nani wa kumsaidia nyumbani? Muzna, mtoto wa watu, akajibu kama alivyofunzwa, kwa sauti na ufasaha: anaishi na baba yangu Awwad na kaka yangu Dhiyab, ana miaka ishirini, akitoka ghala la nafaka humsaidia kuandika. Na nyuma ya kichwa chake dirisha wazi, na dirishani tangi la maji la kijiji, na juu ya tangi jina la kijiji kwa herufi ambazo hata mimi mjinga naziona kutoka hapa.

Ijumaa iliyofuata, gari jeupe likasimama chini ya tangi lile, likiwa linaunguruma. Hakushuka mtu. Wanaume walipotoka msikitini likaondoka polepole, kama mtu anayepima shamba. Likaja tena. Mimi nikaangukia kitanda hiki, Muzna akawaomba walimu wake wamwongezee muda kwa kuwa mwanafunzi wake ni mgonjwa, na chini ya ombi hilo yule kijana akaandika: "Nitakuja kumsalimu mwanafunzi kabla hajatutoka."

Sasa mnajua ninyi nyote nilichokuwa nakijua mimi na Awwad peke yetu.

Awwad, mwanangu, nimeona umelileta lori na umefunga magodoro. Unataka kuhama tena, unataka Muzna aache kozi, afunge simu, awe kama hakuzaliwa. Tutahamia wapi? Zamani aliyehama alifutwa na upepo, lakini siku hizi nyayo za mtu haziko mchangani, ziko humo ndani ya simu, na upepo hauingii humo. Shusha magodoro. Na Muzna amalize kozi yake. Amepanda paa kwa ajili yake, hatashushwa na maiti wa zamani. Ukimzuia, Awwad, radhi yangu huna, na unajua sisemi hivyo kwa utani.

Na wewe Dhiyab, dume la nyumba. Ile bastola uliyoificha kwenye gunia la shayiri ulipoliona gari lile likirudi, usipoteze muda kuitafuta. Nimeilalia. Fidha, utakaponiosha usishtuke, itoe, uitumbukize chooni. Unadhani ami yako hakuwa shujaa? Alikuwa shujaa sana, ndiyo maana tuko hapa. Ukimuua Turki, mkewe kama ana mimba, basi hadithi hii tunaanza upya, na safari hii mwanao ndiye atakayetazama magari kupitia dirishani.

Nipe mto. Hapana, usinipe maji. Acha.

Iko sheria moja wazee wa mchanga mwekundu wanaiogopa kuliko serikali. Mtu anayekimbia damu akiingia hema la mtu, hata kama ni hema la yule anayemwinda, akashika nguzo akasema, "Nimeingia kwako," mwenye hema amefungwa na sheria hiyo, kwake na kwa yeyote aliyemfunika kwa nguo yake. Atamlinda kwa watu wa nje na kwa watoto wake mwenyewe, na asipomlinda uso wake umekuwa mweusi, yeye na wajukuu zake, hapewi mke wala hapewi salamu. Niliwahi kuwaza kwenda. Miguu ikakataa. Kisha nikalala hapa nikimsikiliza Muzna akifundisha watu walio mbali na nyumba hii, nikasema, kumbe! Sauti ya mtoto huyu inaingia nyumba za watu bila kupiga hodi.

Kwa hiyo, Muzna, zoezi lako la mwisho ndilo hili. Haya maneno yangu, yote, hata matusi, uyarushe kwa kundi lako lote kama ulivyorusha ule mchoro. Walimu wako watasema hili si somo, watakupa sifuri. Ichukue. Litakuwako zoezi lingine. Kaka yako hayuko mwingine.

Na sasa nasema na wewe, Turki bin Farhan. Usizime. Uko nyumbani kwako, na mama yako yuko upande wa pili wa ukuta. Ongeza sauti ili asikie. Nilimtia hina mikononi siku alipoolewa, nami sikumwendea siku alipofiwa, maana aliyemfisha mume wake alitoka tumboni mwangu. Mwite. Awe shahidi. Hakuna aliyekushika mkono ubonyeze. Mlango umeufungua mwenyewe, nami nimepita. Nimo ndani mwako. Nimeshika nguzo yako. Mimi Wadha, mama wa Mutlaq aliyemuua baba yako, nimeingia kwako, mimi na aliye chini ya nguo yangu, na aliye chini ya nguo yangu ni Dhiyab bin Awwad.

Sikuombi usamehe. Ningekuwa wewe nisingesamehe, na maziwa ya mama ningeyaapia. Sikuambii kwamba baba yako alikosa au mwanangu alipatia. Nakuambia jambo moja tu: mimi ni mgeni wako, na wenzako wote wa kundi, wa kaskazini na wa kusini, wamesikia nikiingia. Njoo na gari lako jeupe, njoo. Lakini njoo kama mwenye hema anayekuja kumtazama mgeni wake. Ukija kwa njia nyingine, utakwenda kusimama mbele ya watoto kuwafundisha, na hakuna mtoto atakayekuuliza swali, maana wote watakuwa wanalijua jibu.

Nimechoka... Awwad, nizikeni hapa hapa, kwenye mawe meusi, msinipeleke kusini. Mimi nimeshafika kusini. Matanga yawe siku tatu, mlango wazi, asisimame mtu mlangoni kuuliza jina la anayeingia. Dhiyab akae mbele, kichwa wazi, mikono juu ya magoti, aonekane. Usitetemeke, mtoto. Ukitetemeka, tetemeka ndani.

Mungu awape... awape maji yasiyogombewa. Awape watoto wanaotajwa majina yao bila kunong'ona. Fidha, na wewe pia, haya, na wewe pia. Na yule aliye upande wa pili, kama anasikia, Mungu amwonyeshe... amwonyeshe mikono yake mwenyewe kabla haijafanya kitu...

Muzna. Umesharusha? Rusha nikiwa bado... Nataka niwe ndani ya hema lake wakati... Sogea. Ulisema walikufundisha kwamba ukiuliza kitu kwa mtu wa mbali usimrukie, sauti huchelewa njiani, mwalimu mbaya hujijibu mwenyewe.

Basi nyamazeni wote. Usizime simu, Muzna.

Mwache ajibu.