Akuorkor, Aliyeshikiwa Nafasi na Pacha Wake

Mchungaji, wazee wa ukoo wa Nortey, majirani zetu wa Teshie, na ninyi nyote mliotoka mbali, mimi naitwa Tawia, jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu Akuorkor, nami nimekubali ingawa mnanijua, machozi yangu hayako mbali.

Dada Akuorkor alizaliwa hapa Teshie tarehe 14 Agosti 1951, akiwa mtoto wa seremala Nortey na Mama Adoley, dakika chache baada ya pacha wake, Kaka Oko, aliyeketi pale mbele. Kwetu mapacha hawabaguliwi kwa kitambaa, kwa chakula wala kwa dawa, mmoja akipigwa sindano mwenzake naye hutafutiwa walau kidonge, na kila mwaka Ijumaa ya mapacha, kabla ya sikukuu ya Homowo, wao wawili walivikwa nyeupe, wakaogeshwa maji ya majani kutoka beseni moja, wakalishwa viazi vikuu vilivyopondwa kwa mawese na mayai, huku mimi nikinusa tu. Jamani, wivu nilioula utotoni!

Alisoma shule ya misheni hapahapa Teshie kuanzia mwaka 1958 hadi 1967, na wa rika langu mtakumbuka foleni ya bomba la maji asubuhi kabla ya kengele, jinsi Kaka Oko alivyowahi na ndoo mbili, na ukimwuliza ya pili ni ya nani, anakujibu, “Namshikia mwenzangu nafasi, una neno?” Dada alikuwa bado amelala, akaja mwisho amenyooka kama malkia, akapita mbele ya watu wote, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Siku zile zilikuwa tamu, nami ningerudi hata kesho.

Baada ya shule alijifunza kwa mama kupika kenke, kazi aliyoifanya sokoni kwa zaidi ya miaka thelathini, akisonga unga wa mahindi uliochachuka tangu alfajiri, na tarehe 6 Aprili 1974 alifunga ndoa na Ashitey Laryea, fundi wa bandari ya Tema aliyetutangulia mwaka 2015, wakajaliwa watoto wawili, Borketey na Borkai.

Mwanzoni mwa mwaka 2007 Dada alianza kukojoa damu, akaenda zahanati, akaambiwa ni maambukizi ya mkojo, akapewa vidonge, akarudi, akapewa vingine, na mara ya tatu daktari alimwambia bila hata kuinua uso, “Mama, hayo ni mambo ya wanawake wa umri wako, yatapita.” Hayakupita, alikonda mbele ya macho yetu, tukaogopa tutampoteza, ndipo Mama Adoley, mzee lakini ulimi wake wembe, akamgeukia Kaka Oko, “Mwenzako anameza dawa, wewe umekaa tu? Nenda nawe ukatibiwe!”

Kaka Oko akaenda, ila mfukoni alikuwa na kichupa cha mkojo wa Dada. Daktari yuleyule alipokiona akaruka kitini, “Mzee, mwanamume wa umri wako akikojoa damu si mchezo, nenda ukapigwe picha leo hii.” Akapigwa picha, figo zake zikaonekana safi, daktari akabaki anajikuna kichwa, na Kaka Oko akamwambia, “Mkojo ni wa pacha wangu, yule unayempa vidonge kila siku. Mimi nimemshikia nafasi tu, yuko nje kwenye benchi, mwite.”

Picha ya Dada ikaonyesha saratani kwenye figo ya kushoto, na mwezi Septemba mwaka huohuo alipasuliwa katika hospitali moja ya Accra, figo yote ikaondolewa. Alipokuwa anajizoeza kutembea ukumbini alikutana na mwalimu mmoja aliyekuwa na uvimbe wa ukubwa uleule, lakini yeye alikatwa uvimbe peke yake na figo ikaachwa, kwa sababu, waliambiwa, mwanamume bado ana kazi mbele yake. Dada akamsubiri daktari mpasuaji mlangoni, akamwuliza, “Kwani kenke inajisonga yenyewe? Figo ya mwanamke ni ya akiba?” Daktari akasema, “Mama, nilipaswa kukuuliza,” na Dada, kwa ukarimu ambao mimi sina, akampelekea kenke na samaki wa kukaanga siku aliyoruhusiwa.

Saratani haikurudi tena, tunamshukuru Mungu kwa miaka kumi na saba, lakini ile figo moja iliyobebeshwa kazi ya mbili ilianza kuchoka mwaka 2021, akawa anasafishwa damu kwa mashine. Kaka Oko alitaka kutoa yake moja, madaktari wakakataa kwa sababu ya umri na presha, naye akafoka hadi wauguzi wakakusanyika, “Tangu lini mapacha wakanyimana?” Dada alimshika mkono, akacheka kidogo, akasema, “Kaka, kaa chini. Foleni hii huwezi kunishikia.” Alifariki Jumamosi, tarehe 2 Novemba 2024, mkono wa Kaka Oko ukiwa mkononi mwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa waliomsikiliza, majirani waliopika na kukesha nasi, na wanawake wa sokoni ambao leo hawakuwasha majiko. Kitambaa alichovaa Dada ndani ya jeneza na alichovaa Kaka Oko kimekatwa kutoka jora moja, kama kawaida yao.

Dada Akuorkor, maisha yako yote ulifika ukakuta umeshikiwa nafasi. Sasa ni zamu yako, mshikie kaka yako, lakini tafadhali, usimharakishe. Lala kwa amani.